Nani Mwenye Ukuta? Picha za Mtaa wa 43, Chicago, na Swali la Uhakiki

Katika semina moja ya uhakiki mwalimu wetu alituuliza kama kanga ni fasihi. Darasa liligawanyika papo hapo, lakini walioshinda ni wale waliosema ndiyo, kwa hoja nyepesi tu kwamba kanga ina maneno, na maneno yale yana mtunzi, yana hadhira, na yana mtu wa kuchomwa nayo. Hapo mwenzetu mmoja, mbishi wa kudumu, akadakia: "Na ukuta je? Mtu akichora picha ukutani kwa watu, akaandika na shairi pembeni, tuuweke wapi?" Tulicheka. Muda ukaisha, tukatawanyika kwenda kutafuta chai. Mimi lakini swali lile halikuniacha, na makala haya ni jaribio la kulijibu kwa njia ya historia badala ya nadharia, maana nadharia tumezisoma nyingi na kuta tumezichunguza kidogo. Nina sababu yangu binafsi pia ya kuling'ang'ania swali hili. Hiyo nitaieleza mbele, tena kwa aibu kidogo.

Ukuta ninaotaka kuuzungumzia haupo tena. Ulikuwa Chicago, Marekani, upande wa kusini wa jiji, penye kona ya Mtaa wa 43 na barabara ya Langley. Ulichorwa Agosti 1967 ukapewa jina la Wall of Respect, yaani Ukuta wa Heshima. Wanahistoria wa sanaa huuhesabu kuwa chanzo cha vuguvugu zima la picha za kuta za mitaani lililoenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Sisi wanafasihi nasi tuna haki ya kuudai, kwa sababu waliouanzisha hawakuwa wachoraji peke yao. Mmoja wa vinara alikuwa mhariri wa jarida, na juu ya ukuta wenyewe palikuwa na shairi.

Tuanze na mazingira, kwa ufupi. Watu weusi wa kusini mwa Marekani walianza kuhamia Chicago kwa wingi tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakikimbia ubaguzi na ufukara wa mashamba ya pamba, wakifuata kazi za viwandani na machinjioni. Walipofika walibanwa katika vitongoji vichache na kulipishwa kodi kubwa kwa nyumba mbovu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja sera iliyoitwa ya kuifanya miji iwe mipya, ambayo kwa mpangaji maskini ilikuwa na maana moja tu: tingatinga. Mwaka 1966 Martin Luther King alihamia Chicago kwa muda kuongoza kampeni ya makazi, na katika maandamano ya Agosti mwaka huo alipigwa jiwe kichwani. Julai 1967 Newark na Detroit ziliwaka moto. Huo ndio msimu wa joto ambao wachoraji wetu walitoka na makopo ya rangi.

Chama kilichowakusanya kilianzishwa mwaka huohuo wa 1967. Kiliitwa Organization of Black American Culture, kwa kifupi OBAC, na wao walilitamka jina hilo "obasi" ili lilie mwangwi wa neno la Kiyoruba, oba, yaani mtawala. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Hoyt Fuller, mhariri wa jarida la Negro Digest (mwaka 1970 likabadilishwa jina likawa Black World), mwanasosiolojia Gerald McWorter, mshairi Conrad Kent Rivers na mchoraji Jeff Donaldson. Palikuwa na warsha ya waandishi na warsha ya wasanii wa picha. Swali lililowasumbua ni lilelile ambalo wahakiki wetu hapa nyumbani walikesha nalo: sanaa imtumikie nani? Tofauti ni kwamba wao hawakuishia kuliandikia makala.

Aliyekuja na wazo la ukuta ni William Walker, mzaliwa wa Birmingham, Alabama, wa mwaka 1927. Alikuwa amesomea sanaa huko Columbus, Ohio, na kuchora kuta huko Memphis kabla ya kufika Chicago. Walker aliufahamu mtaa ule na watu wake walimfahamu. Kabla wenzake hawajaleta ngazi, yeye alikwisha zungumza na wakaazi. Zingatia jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yangu: ruhusa waliyoitafuta wachoraji ilikuwa ya watu wa mtaa, si ya mwenye jengo. Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa mbili, limechoka, na upande uliochorwa ulikuwa na kimo cha mita 6 hivi na urefu wa mita 18.

Sylvia Abernathy, aliyesanifu mpangilio wote, aliugawa ukuta sehemu saba kwa kufuata umbo la jengo, madirisha na milango yake: viongozi wa siasa, dini, muziki wa jazi, muziki wa ridhimu na buluu, fasihi, maigizo na michezo. Kila mchoraji akachukua sehemu yake. Donaldson alikuwa kwenye jazi, Wadsworth Jarrell kwenye ridhimu na buluu, Barbara Jones kwenye maigizo, Edward Christmas kwenye fasihi, Norman Parish kwenye viongozi, na Walker mwenyewe kwenye dini. Katikati ya michoro zilibandikwa picha za kamera. Walikubaliana kutotia sahihi zao, ili kazi iwe ya kundi zima. Hapo wanafunzi wa fasihi simulizi tutikise vichwa: mtunzi wa hadithi ya bibi naye hatii sahihi.

Na kama ilivyo kwa hadithi ya bibi, hadhira haikunyamaza. Ukuta ulichorwa mchana, watu wakipita kwenda dukani na kurudi, watoto wakining'inia karibu na majukwaa ya mafundi. Wanamuziki walikuja kupiga, washairi walikuja kusoma. Kila mpita njia alikuwa mhakiki. Fulani mbona hafanani? Fulani mbona hayupo? Wachoraji walikuwa wamejiwekea kanuni za nani anastahili kuitwa shujaa wa watu weusi, lakini kanuni ya mezani na kanuni ya barabarani ni vitu viwili. Zaidi ya sura 50 zilipanda ukutani: Malcolm X, Marcus Garvey, Stokely Carmichael, Muhammad Ali, Nina Simone, Aretha Franklin, John Coltrane, Charlie Parker, W.E.B. Du Bois, James Baldwin. Sura moja ambayo ungetegemea kuikuta hukuikuta. Martin Luther King, yule aliyepigwa jiwe mwaka mmoja tu nyuma katika jiji lilelile kwa ajili ya nyumba za watu walewale, aliachwa. Walimwona mpole mno kwa wakati ule.

Nikiri kwamba niliposoma habari hii mara ya kwanza nilikasirika. Nilisema jamani, huu ni utovu wa shukrani. Baadaye nikaona kwamba hasira yangu ilikuwa ya mtu anayetaka ukuta umfundishe kile anachokijua tayari. King alikuwa shujaa wa vitabu vyangu. Watu wa Mtaa wa 43 walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo ilionyesha walivyohisi Agosti ile, si walivyopaswa kuhisi. Miezi minane baadaye King aliuawa Memphis, na naamini hesabu hiyo ingefanywa upya baada ya hapo matokeo yangekuwa mengine. Lakini picha ya ukutani haina toleo la pili lililosahihishwa ila kwa kufuta. Nitarudi kwenye kufuta.

Msomaji wa hapa kwetu atakuwa amegundua kwamba baadhi ya sura hizo hazikuwa ngeni Dar es Salaam. Malcolm X alifika Oktoba 1964, Carmichael alifika mwishoni mwa 1967, wakati rangi za ukuta bado mbichi. Na lugha yetu nayo ilikuwa inasafiri kuelekea kule. Sylvia Abernathy aliyesanifu ukuta alijiita Laini. Mumewe, Billy Abernathy, aliyekuwa mmoja wa wapiga picha, alijiita Fundi, na kwa majina hayo wawili hao walitengeneza pamoja na Amiri Baraka kitabu cha picha na maneno kiitwacho In Our Terribleness mwaka 1970. Don L. Lee, mshairi kijana wa warsha ya OBAC, katika miaka ya 1970 alijiita Haki Madhubuti. Fundi, Laini, Haki, Madhubuti! Kwetu ni maneno ya kila siku, ya karakana na ya ofisini. Kule yalikuwa ushairi. Sijui tucheke au tujivune. Mimi nilifanya yote mawili.

Sasa tuje kwenye fasihi yenyewe. Katika sehemu ya Christmas palikuwa na sura za waandishi na shairi la Baraka liitwalo "SOS", limeandikwa pale ukutani watu walisome wakisubiri basi. Mmoja wa waandishi waliochorwa ni Gwendolyn Brooks, mshairi wa Chicago, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950. Mwaka 1967 Brooks alikuwa na umri wa miaka 50, na alikuwa ametoka kwenye mkutano wa waandishi wa Chuo Kikuu cha Fisk uliomtikisa, kwa maelezo yake mwenyewe, kuhusu nani anamwandikia. Agosti ile ilimpa mtihani wa wazi. Tarehe 15, Meya Richard Daley alizindua katikati ya jiji sanamu kubwa ya chuma ya Picasso, yenye kimo cha mita 15, na Brooks akaalikwa kuitungia shairi. Tarehe 27, siku kumi na mbili tu baadaye, alisimama Mtaa wa 43 mbele ya ukuta wenye sura yake mwenyewe, akasoma shairi jingine. Mwaka 1968 aliyachapisha pamoja katika kitabu cha In the Mecca, chini ya kichwa kimoja, kama mapacha wasiofanana.

Ningependa wenzangu wa semina wayasome mashairi hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu ni somo zima la uhusiano wa fani na hadhira. La Picasso lina umbali ndani yake. Watu wanasimama mbele ya sanaa wakiwa hawana raha, kama wageni waliovaa viatu vya kuazima. La ukuta lina msongamano: watoto, wanawake, ngoma, rangi, na mshairi mwenyewe anapandishwa jukwaani na watu. Hakuna mtu aliyekwenda kuuliza wakaazi wa Chicago wanataka sanamu gani. Walipewa. Na ilipofunuliwa wengi waliuliza, kwa haki kabisa, "Hiki ni nini?" Mtaa wa 43 hawakuuliza hivyo. Waliuliza kwa nini fulani yumo na fulani hayumo, na swali hilo huulizwa tu na mtu anayehisi kitu ni chake.

Hapa siwezi kujizuia kurudi nyumbani, kwa sababu sadfa ni kubwa mno. Mwaka huo huo wa 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba wasaidie kueneza siasa ya ujamaa, na chama cha washairi, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kwa kifupi kikaitwa nini? UKUTA. Mathias Mnyampala akatunga ngonjera zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la Ngonjera za UKUTA, na tangu hapo hakuna mtoto wa shule ya msingi ambaye hakusimama mstarini siku ya sherehe na kughani, huku mgeni rasmi akipunga kichwa.

Sipuuzi kazi ile. Ngonjera iliutoa ushairi kitabuni ikaupeleka uwanjani, na hilo si jambo dogo. Lakini tazameni muundo wake. Mmoja anajua, mwingine hajui. Asiyejua anauliza, anapinga kidogo, anaelimishwa, na beti za mwisho wote wanaimba pamoja. Mabishano yapo, ila mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Ukuta wa Mtaa wa 43 ulikuwa ngonjera isiyokuwa na beti za mwisho. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya sanaa inayouelimisha umma na sanaa inayouzindua, ingawa vyuoni tunayatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni neno moja.

Mtu ataniambia Mexico walifanya yote kupitia serikali na wakafanikiwa. Kweli. Kuanzia 1921 waziri wa elimu José Vasconcelos aliwapa Rivera, Orozco na Siqueiros kuta za majengo ya umma, na matokeo yake ni miongoni mwa kazi kubwa za karne ile. Lakini mwenye ukuta alikuwa serikali, na mwenye ukuta ndiye mwenye neno la mwisho. Rivera alikuja kulijua hilo vizuri New York, kwa Rockefeller, alipomchora Lenin na kukataa kumtoa. Februari 1934 picha nzima ilivunjwavunjwa. Si kwamba Mtaa wa 43 uliepukana na balaa hilo. Uliletewa kwa mlango mwingine.

Nimesema nitarudi kwenye kufuta. Wiki chache baada ya ukuta kukamilika, sehemu ya viongozi wa siasa iliyochorwa na Norman Parish ilipakwa rangi nyeupe. Parish hakuambiwa. Aliyehusika ni Walker, yule yule aliyekwenda kuomba ruhusa ya watu, na sababu aliyoitoa ni kwamba watu wa mtaa hawakuridhika na sehemu ile. Mchoraji mwingine, Eugene Eda, akaichora upya. Wenzao katika OBAC walikasirika, maneno yakawa mengi, na kundi la wachoraji likasambaratika muda si mrefu. Baadhi yao, akina Donaldson, Jarrell na Barbara Jones, walikutana tena mwaka 1968 wakaunda kundi la AfriCOBRA, lakini hiyo ni historia nyingine.

Nimelifikiria sana tukio hili na msimamo wangu umeyumba zaidi ya mara moja. Mwanzoni nilimtetea Walker: kama ukuta ni wa jamii, na jamii haitaki, basi nani Parish hata aulizwe? Lakini "jamii" ilisemea wapi? Ilipiga kura lini? Mtu mmoja alisimama akasema watu wanasema. Na sisi tuliosoma historia ya Afrika tangu uhuru tunaijua vyema sentensi hiyo: watu wanasema, wananchi wanataka, umma umeamua. Mara nyingi anayeitamka ndiye mwenye burashi mkononi. Kwa hiyo leo nasema Walker alikosea. Alikuwa na haki ya kuuitisha mtaa pale barabarani, na Parish akiwepo, wabishane mbele yake kama walivyobishana juu ya King. Kufuta usiku wa mwenzako, hata kwa nia njema, ni udhibiti ule ule tunaoulalamikia.

Na hata sehemu yake mwenyewe haikumwacha salama. Katika sehemu ya dini alikuwa amemchora Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam. Mzee huyo hakupendezwa kuwa ukuta mmoja na Malcolm X, aliyekuwa ameasi kundi lake na kuuawa Februari 1965. Walker akamwondoa, akamchora Nat Turner, kiongozi wa uasi wa watumwa wa 1831. Hebu fikirini: marehemu alimshinda aliye hai, na aliye hai ndiye aliyeomba kutoka. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kulitunga hilo.

Mwaka 1969 jiji lilipanga kubomoa jengo. Hapo wakaazi walitoka. Walikusanyika, wakapinga, na mbele ya jengo likawekwa tangazo la kusema kwamba watu wa mtaa huo wanalitwaa jengo ili kuhifadhi kilicho chao. Ng'ambo ya barabara Walker, Eda na wengine wakachora ukuta wa pili, Ukuta wa Kweli. Jiji likarudi nyuma kwa muda. Mwaka 1971 moto uliliunguza jengo, na baada ya hapo likabomolewa. Miaka minne tu. Lakini tayari Walker na wenzake walikuwa wamekwenda Detroit kuchora Ukuta wa Utu mwaka 1968, na mwaka 1970 Walker na John Pitman Weber waliunda kundi la wachoraji wa kuta la Chicago, weusi na weupe pamoja. Miji mingine ikafuata.

Sasa ile sababu yangu binafsi.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, sisi wanafunzi kadhaa tulijikusanya tukaenda kuchora ukuta wa duka katika kata moja jijini. Mada tuliichagua sisi, chuoni: kupiga vita ukatili dhidi ya wanawake. Mwenye duka tulimwomba, akakubali. Tulichora mwanamke mwenye jicho lililovimba, na juu yake mkono wa mwanamume, na maneno makubwa mekundu. Tulipiga picha za kumbukumbu. Tulirudi bwenini tumejaa rangi na sifa.

Baada ya wiki mbili hivi nilipita pale. Chini ya ukuta palikuwa na mama muuza vitumbua, na siku zote alikuwa pale. Hata siku tunachora alituhamishia meza yake bila kinyongo. Nikamsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akaniuliza:

"Mwanangu, huyo dada mliyemchora ni nani?"

"Si mtu maalumu, mama. Ni mfano tu."

"Mfano wa nani? Maana mimi ndiye ninayekaa hapa kutwa. Wanaume wakija kununua wananitazama mimi, halafu wanamtazama yeye, halafu wanacheka. Wananiuliza, leo umepata ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua vitumbua ambavyo sikuvihitaji. Nilitaka kumwambia kuhusu uelewa wa jamii, na namshukuru Mungu sikumwambia. Miezi minane baadaye mwenye duka alilipwa na kampuni moja, ukuta ukapakwa rangi za kampuni hiyo kutoka juu hadi chini, jicho lililovimba likaenda. Hakuna aliyetoka kupinga. Hakuna tangazo lililowekwa. Yule mama aliniambia neno moja tu, "Afadhali."

Kwa hiyo ninaposoma habari za watu wa Mtaa wa 43 waliosimama mbele ya tingatinga mwaka 1969, siisomi kama mtu wa pembeni. Mtu hutetea sura aliyoibishania. Ya kwetu haikubishaniwa na mtu yeyote, kwa sababu tulifika na majibu. Nasema hivi bila kudharau kazi za namna nyingine. Wanaharakati na wachoraji wa Nairobi mwaka 2012 waliwachora wanasiasa kama tumbusi kwenye ukuta wa katikati ya jiji, tena usiku, bila kumwuliza mtu, na asubuhi mji mzima ulikuwa unazungumza. Picha ya kumshambulia mkubwa inaweza kuchorwa kwa kuvizia. Lakini ukimchora mnyonge lazima umwulize, maana ndiye atakayekaa chini yake.

Walker alifariki mwaka 2011. Picha ambayo wengi huiona kuwa bora kuliko zake zote aliichora kati ya 1971 na 1973 kwenye kanisa moja la Chicago, upande wa kaskazini, na jina lake lilikuwa All of Mankind: watu wa rangi nne wameshikamana, na majina ya waliouawa yameandikwa. Desemba 2015 kuta za nje za kanisa hilo zilipakwa rangi nyeupe. Jengo lilikuwa linatafutiwa mnunuzi, na wakaazi wengi wa zamani walikuwa wamekwisha hamishwa baada ya majumba ya umma ya Cabrini-Green kubomolewa. Mtaa wa kuutetea ukuta haukuwepo tena.

Juzi nilikwenda tena kwa mama wa vitumbua. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, kama ukuta ungekuwa wake angetaka kichorwe nini. Hakufikiri sana. Akasema kuna bibi mmoja mkunga, sasa ni mzee sana, aliyezalisha nusu ya vijana wa pale. Muuza mkaa aliyekuwa ameketi kando akaruka: "Bibi yule? Wee mama, watu wa ng'ambo ya barabara watakubali? Si wanasema alimkatalia binti yao usiku wa mvua?" Mama akasema huo ni uzushi, yeye alikuwepo usiku huo. Muuza mkaa akasema hata yeye alikuwepo. Kijana wa bodaboda akazima injini yake, akauliza wanazungumzia mvua ya mwaka gani. Nilisogeza kigoda nikakaa, wakaendelea mpaka vitumbua vikaisha.